Saa 160 bila mashine

Ukitaja elimu kwa wagonjwa wanaosafishwa damu, wengi watakujibu kwamba mgonjwa wa figo hahitaji somo, anahitaji mashine. Wana hoja. Kwa miaka kadhaa NHIF, iliyokuwa bima ya afya ya taifa nchini Kenya, ililipia vipindi 2 kwa wiki, ilhali kawaida inayofuatwa kwingi duniani ni vipindi 3. Aliyetaka cha tatu alijilipia. Mtu kama huyo ukimwambia apunguze maharagwe ale samaki na ute wa yai, umemwongezea gharama juu ya gharama. Na somo likigeuka karipio, ataanza kuficha alichokunywa.

Lakini hebu tupige hesabu. Kipindi ni saa 4. Viwili ni 8. Wiki ina saa 168. Kwa saa 160 hakuna mashine wala nesi, kuna mgonjwa na jiko lake tu. Tena mapengo hayalingani: anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi hupitisha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili bila chochote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 32,000, uliona vifo vikipanda baada ya pengo la siku 2 tu, na hao walikuwa wa vipindi 3.

Mtazame mgonjwa akipanda mizani. Uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada, ni kilo 60. Leo ana 64. Hizo kilo 4 ni karibu lita 4 za maji, na kuzitoa kwa saa 4 ni zaidi ya mililita 16 kwa kila kilo ya mwili kila saa. Wataalamu wengi hawapendi kuvuka 13. Presha inaporomoka, misuli ya miguu inakaza, kipindi kinakatishwa, naye anarudi nyumbani na maji yake. Kipindi kimelipiwa na hakikumfaa.

Lita 4 zilitoka wapi? Muulize, atakuapia kwamba maji hakuyagusa. Ni kweli: alikunywa uji, chai ya maziwa na supu, akala tikitimaji, na hakuna aliyemwambia kwamba hayo nayo yanahesabiwa. Chumvi ilimletea kiu. Kumkataza maji huku chakula kikiwa na chumvi vilevile ni kumtesa bure. Viazi vikikatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, potasiamu, madini yanayoweza kudhuru moyo wake yakizidi, hupungua. Mwenye fistula, yaani mshipa wa mkono uliounganishwa kwa upasuaji ili damu ipitie hapo kwenda kwenye mashine, anafaa kuigusa kila siku asikie mtetemo, na ukitoweka awahi hospitali siku hiyohiyo. Mambo haya hayahitaji pesa nyingi.

Wenye shaka wako sahihi kwamba tafiti nyingi za elimu hii ni ndogo na za muda mfupi: zinaonyesha maarifa yakipanda na uzito unaoongezeka kati ya vipindi ukishuka, si maisha yakirefuka. Bado sioni jinsi hilo linavyotetea kipeperushi cha Kiingereza anachopewa mgonjwa mara moja, siku ambayo bado amechanganyikiwa kwa habari za figo zake. Somo ligawanywe vipandevipande, kwa lugha anayoiongea, akiwa kwenye kiti chake. Na aitwe ndani anayempikia, ambaye mara nyingi amemsindikiza na anasubiri nje kwenye benchi. Chumvi anaitia yeye.