Daraja la Kigamboni na mpangaji wa chumba kimoja

Mwenda kwa miguu halipi kitu kwenye Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni jijini Dar es Salaam. Ukianzia Kurasini, mita zake 680 unazimaliza kwa dakika kumi hivi, upepo wa mkondo ukikupiga usoni. Mimi hupita hapo nikienda kumsalimia shangazi yangu Kigamboni, na kila safari nakuta kitu kimeondoka: mwembe, genge la nyanya, uchochoro uliotokea kisimani. Mahali pake pana fensi na fremu za maduka. Vibao viwili vinatazamana barabarani: "Kiwanja kinauzwa" na "Nyumba hii haiuzwi".

Wapo wanaosema daraja limewaharibia Kigamboni kwa kuleta wageni na kupandisha bei za ardhi. Siungani nao. Kabla halijazinduliwa Aprili 2016, mgonjwa wa usiku alitegemea pantoni, la sivyo azungushwe hadi Kongowe ndipo arudi mjini. Aliyeishi ng'ambo ile hawezi kuitamani tena hali hiyo. Hata ardhi kupanda thamani kumewafaa wengi. Shangazi ana hati ya nyumba yake. Amejenga vyumba vinne uani, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni yake.

Tena wageni hawakuletwa na daraja peke yake. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulishapima Kibada na Gezaulole, hukohuko Kigamboni. Mwaka 2008 ukatangazwa mpango wa mji mpya, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Jirani wa shangazi alisubiri miaka, nyumba inavuja, harusi za watoto zinamkabili, mwishowe akauza. Angejua daraja linakuja asingeuza kwa bei ile. Hapo ndipo naona haki ilipopinda: waliokuwa na uwezo wa kusubiri walipata, waliobanwa na shida waliuza mapema.

Lakini anayeniumiza zaidi ni mpangaji. Mwenye nyumba akihamishwa kupisha mradi, sheria inataka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mpangaji anayehamishwa na kupanda kwa bei hana wa kumdai. Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na hoja ya kuifuta haikuwa ya kipuuzi: kodi ikibanwa mno, nani atajenga vyumba vya kupangisha? Dar es Salaam inavihitaji mno vyumba hivyo. Hata hivyo, kati ya kubana kodi na kumwacha mtu apandishiwe ghafla, tena adaiwe miezi sita kwa mkupuo, ipo nafasi pana. Mkataba wa maandishi na notisi ya miezi kadhaa visingemfilisi mwenye nyumba yeyote.

Nalisema hili nikijua linamgusa shangazi yangu. Mwaka jana alipandisha kodi ya chumba cha mama mmoja aliyekaa kwake miaka saba, kwa sababu vyumba vya jirani vilishapanda na dawa zake za presha nazo zilipanda. Simlaumu. Nilimwambia tu kwamba angempa muda, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, na mimi nani angenipa muda?"

Mama yule amehamia Kisarawe II, ndani zaidi ya Kigamboni. Vitumbua bado anakaanga palepale karibu na nyumba ya shangazi, maana wateja wake wako hapo. Alfajiri anakuja kwa bodaboda na ndoo ya unga magotini.