Tiba Inayozingatia Vinasaba Pwani: Je, Uigaji wa Kompyuta Utuamulie Gharama?

Mwaka 2003 dawa ya malaria ya Lapdap iliingia Afrika ikisifiwa kwa bei yake nafuu, lakini kufikia 2008 ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa dapsoni iliyokuwamo ilivunja chembe nyekundu za damu za wagonjwa waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo. Kwetu Malindi na Kilifi nzima upungufu huo ni wa kawaida, na huaminika kuwakinga kwa kiasi fulani baadhi ya walio nao dhidi ya malaria kali. Je, kumpima kila mgonjwa kabla ya kumpa dawa ya namna hiyo kunastahili gharama yake?

Wachumi wa afya hujibu kwa uigaji. Wagonjwa wa kubuni, maelfu kwa maelfu, hupitishwa ndani ya kompyuta katika njia mbili, ya kupimwa na ya kutopimwa, kisha gharama hulinganishwa na miaka ya maisha yenye afya iliyopatikana. Nguvu ya mbinu hii ni kwamba haimhatarishi mtoto yeyote ili kujua dawa itamdhuru kiasi gani, na huweza kufuatilia faida ya kipimo kimoja kwa miaka mingi ambayo hakuna jaribio la hospitalini lingeweza kuisubiri.

Udhaifu wake umo katika yale inayolishwa. Jeni ya G6PD imo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja na mwanamke mbili, kwa hiyo mwanamume huwa nayo nzima au yenye kasoro, ilhali mwanamke aliyerithi nakala moja yenye kasoro huwa na chembe za aina zote mbili, na vipimo vya ndiyo au hapana huweza kumhesabu kuwa mzima. Modeli, yaani uigaji wenyewe, inayogawa watu mafungu mawili tu huficha hatari ya wanawake hao, na jumla yake hutoka ikipendeza kuliko hali ilivyo.

Kisha kuna safari. Mama aliyetoka Marafa, mbali na hospitali ya Malindi, na mtoto mwenye homa, akaambiwa arudi kesho kuchukua majibu, huenda asiwe na nauli ya mara ya pili. Modeli inayodhani kila jibu humfikia mwenyewe inahesabu faida ambayo haipo.

Hata hivyo, naunga mkono uigaji. Bajeti ya kaunti hupangwa kwa makisio vyovyote vile, na afadhali makisio yaliyoandikwa, ambayo daktari na mwananchi wanaweza kuyapinga moja baada ya jingine. Takwimu za kuanzia si haba: kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kipo Kilifi tangu 1989, na vizazi, vifo na uhamaji wa wakazi wa eneo lake vimefuatiliwa tangu 2000. Modeli yenyewe huweza pia kuonyesha ni tarakimu gani, ikikosewa, itageuza uamuzi wote. Mimi ningeanza na idadi ya wagonjwa wanaopata majibu siku ileile, kwa sababu kipimo kikifanyika Marafa kwenyewe badala ya hospitali ya Malindi, hesabu ya gharama hubadilika na ya faida pia.