Kifaranga wa Tromsø

Leo asubuhi (hilo neno nimelikopa, nitalilipa Januari) mama kanipigia simu ya video kutoka Muheza. Kwake saa tano, kwangu saa tatu. Saa tatu ya nini, msiniulize. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, na hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua liliaga mwishoni mwa Novemba, halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Kwa hesabu halali ya Kiswahili basi, bado ni alfajiri ya mwezi uliopita na mimi sijachelewa kazini. Bosi hoja hiyo aliikataa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona gizani? LUKU imeisha?"

"Haijaisha, mama. Ndivyo huku kulivyo."

"Usinifiche, nimekuzaa mimi. Nitajie namba ya mita nikununulie umeme, hata wa elfu tano."

Jamani, mimi ni mtu mzima. Kadi za michango ya harusi zinanifuata mpaka huku. Ili kulinda heshima iliyobaki, nikawasha taa.

Taa yenyewe ni ile ya daktari. Alisema nina sonona ya msimu: mwili ukikosa mwanga wa asubuhi, unadhani usiku unaendelea. (Haudhani, unaendelea kweli!) Akaniandikia taa ya mwanga wa laksi 10,000, niketi mbele yake nusu saa kila nikiamka, karibu nayo kama mtu anayenyolewa ndevu. Ikawaka. Chumba kizima kikawa cheupe, na mimi katikati, na singlendi yangu.

Mama akanyamaza. Kisha nikasikia akiita uani: "Wifi! Wifi, njoo uone, wanamwatamia!"

Shangazi anafuga kuku wa nyama, vifaranga mia tatu kwa mkupuo, kwa hiyo hakucheka. Alisogeza miwani, akanikagua kama mtaalamu.

"Joto linatosha?"

"Shangazi, haitoi joto. Inatoa mwanga tu."

"Taa isiyotoa joto ya nini sasa? Haya, wewe unajikusanya chini yake au unaikimbia?"

"Sijaelewa."

"Kifaranga akijikusanya chini ya taa, baridi. Akikimbilia pembeni, joto limezidi. Wewe uko wapi?"

"Nipo… katikati."

"Basi uko sawa. Kinyesi kikoje?"

Mama akadakia, "Jibu, shangazi yako anakuuliza!" Nikajibu. Shangazi akauliza kama kideri nimechanjwa, na kama ninakunywa maji ya vitamini. La vitamini lilikuwa kweli, nikakosa pa kujificha. Wenyeji wa huku hunywa mafuta ya ini la samaki kwa ajili ya vitamini miezi yote yenye herufi R. Mimi nimehesabu kwa Kiswahili, nikapata Januari, Februari na Aprili tu, chupa nikairudisha kabatini.

"Ila uzito hapati," shangazi akamwambia mama, kana kwamba mimi sipo. "Wiki ya tano huyu angekuwa sokoni."

Hapo nikachemka. Nikawaambia jamani, sijaliona jua tangu Novemba! Saa sita mchana inakuja bluu fulani, inachungulia kama mgeni aliyekosea mlango, inaondoka. Nalala saa kumi nzima, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Juzi nilifungua friji nichukue maziwa, nikasimama pale mpaka likaanza kulia, kwa sababu ile taa ya ndani ilikuwa inanipiga usoni vizuri. Nami nikalia. Tukalia wote wawili, mimi na friji.

Kimya. Mama akasema polepole, "Umekula lakini?"

Jirani yangu wa hapa yeye ananiambia hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya. Sawa. Nguo ya giza inauzwa duka gani?

Tarehe 21 Januari jua likitokeza juu ya milima, mji mzima unakula maandazi ya jamu kulikaribisha. Mwaka jana nilipanga foleni, nikala matano, mawingu yakatanda, jua lenyewe sikuliona. Niliyokula mimi hayakuwa na iliki. Nimeshawahi kumweleza muuzaji suala la iliki, kwa upole, akanionyesha mdalasini…

Ngoja, simu inaita. Ujumbe wa shangazi: hiyo taa inakula yuniti ngapi kwa siku?