Nyumba yako, ardhi ya bwana: Ireland na Mombasa

Wenzangu wa Mombasa mlioko huku Ireland, mkienda kutembea Strokestown, Roscommon, msiishie kupiga picha za jumba la bwana mwenye ardhi. Mkifika jikoni tazameni juu. Kuna roshani, na hapo ndipo bibi mwenye nyumba alipokuwa akimdondoshea mpishi orodha ya vyakula vya wiki bila kukanyaga jikoni. Watumishi nao walichimbiwa njia ya chini kwa chini, wasionekane na wageni.

Watu wakiyaona hayo hudhani bwana alikuwa na fedha tele. Chukua shamba ambalo kwenye daftari linaingiza pauni 5,000 kwa mwaka. Toa asilimia 5 hivi ya wakala aliyekusanya kodi za wapangaji, aghalabu Mei na Novemba. Toa posho ya mama mjane, mafungu ya wadogo zake, na riba ya madeni ya baba na babu. Na auze kipande alipe deni? Hati ya urithi ilimfunga mikono. Njaa ilipoingia 1845 kodi ikakatika, tena akadaiwa ushuru wa kuwasaidia maskini: kwa kila kishamba kilichothaminiwa pauni 4 kushuka chini, mlipaji alikuwa yeye. Njia ya kuukwepa ni kubomoa kibanda na kumfukuza mpangaji. Denis Mahon wa Strokestown aliwasafirisha wapangaji wake wapatao elfu moja kwenda Kanada mwaka 1847, na wengi wakafa melini na karantini. Novemba ya mwaka huohuo Mahon akauawa kwa risasi.

Kibanda kile alikijenga mpangaji mwenyewe, mitaro kachimba yeye. Hadi 1870, nje ya Ulster, jimbo la kaskazini ambako desturi ilimlinda mpangaji kiasi, akifukuzwa hakuwa na haki ya fidia. Sisi wa Majengo hili twalijua: nyumba yako, kiwanja cha mwingine, na kodi ya ardhi juu. Huko Pwani, sheria ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi wajiandikishe, na isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Wajukuu wa wasiojiandikisha leo wanaitwa maskwota.

Ireland ilitokaje? Kwa sheria ya 1903, serikali ilimlipa bwana taslimu na nyongeza ya asilimia 12, naye, kwa madeni yale, akakubali kuuza. Mpangaji akawa mwenye shamba, akairudishia serikali asilimia 3.25 ya bei kwa mwaka kwa miaka 68 na nusu. Kwa kishamba cha pauni 200 ni pauni 6 na nusu kila mwaka, na kwa kawaida hiyo ilikuwa chini ya kodi ya zamani.

Kwetu serikali ililinunua shamba la Waitiki, Likoni, lililokaliwa na maskwota, hati zikaanza kutolewa 2016. Ni vyema, lakini shamba mojamoja, baada ya miaka ya vurugu, hakutoshi. Nataka sheria moja kwa Pwani nzima, na malipo yasizidi kodi ya ardhi anayolipa mtu sasa. Na vipimo vya viwanja vipangwe kabla ya hati: magharibi ya Ireland, ukanda wa ardhi uliokatwakatwa haukumlisha mtu hata akiumiliki, ikabidi bodi iliyoundwa 1891 inunue mashamba makubwa na kugawa viwanja upya.