Nani aanze, anayesamehe au anayetubu? Makanisa ya Rwanda baada ya 1994

Tarehe 16 Aprili 1994, kule Nyange magharibi mwa Rwanda, tingatinga liliangusha kanisa la parokia juu ya Watutsi zaidi ya 1,000 waliokuwa wamekimbilia ndani wakati wa mauaji ya kimbari. Padre aliyesimamia parokia hiyo, Athanase Seromba, aliridhia kanisa libomolewe. Ndivyo ilivyothibitisha mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, ambayo mwaka 2008 ilimpa kifungo cha maisha katika rufaa. Kabla ya kufikishwa Arusha alikuwa Italia, akihudumu parokiani kwa jina jingine.

Nyange hiyo hiyo, usiku wa 18 Machi 1997, wapiganaji waliivamia shule ya sekondari na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Sita waliuawa pale pale. Haukupita mwezi mmoja na nusu, tarehe 30 Aprili, yakatokea kama hayo katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Vijana 40 waliuawa kwa sababu hawakukubali kutenganishwa kwa kabila.

Yeyote anayetaka kuzungumzia umoja wa Wakristo katika eneo letu hana budi kuyabeba yote mawili, tingatinga la Nyange na vijana wa Nyange na Buta. Nasema eneo letu kwa sababu jambo hili halikuishia mpakani. Watu wa Kagera waliiona miili ikishuka na mto hadi Ziwa Victoria, na mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Makanisa yetu yaliwapokea, yakawalisha na kusali nao, bila kujua kwa hakika ni nani kati yao alikuwa ameua na ni nani aliyekuwa akikimbia tu.

Tangu hapo Wakristo wameshindwa kukubaliana. Kanisa lihubiri msamaha na umoja mara moja, au ukweli na haki vitangulie?

Wanaotaka msamaha utangulie wana hoja nzito. Kwao, umoja ni kazi ambayo Kristo amekwisha kuifanya. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba Kristo "ndiye amani yetu, aliyetufanya sisi sote tuliokuwa wawili kuwa mmoja, akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga". Kama kiambaza kimekwisha kubomolewa, Kanisa linaloendelea kuwagawa watu kwa yale waliyotendeana linakana Injili yake. Kisha ipo hoja ya maisha yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza ya Rwanda yalikuwa na watuhumiwa zaidi ya 100,000, na kuwashitaki wote katika mahakama za kawaida kungechukua vizazi. Serikali ikafufua gacaca, mabaraza ya wazee ya asili, yakapewa sura ya mahakama. Hadi yalipofungwa Juni 2012 yalikuwa yameamua kesi karibu milioni mbili. Aliyekiri na kuomba radhi alipunguziwa adhabu. Mwuaji akarudi kwenye kilima kile kile, akachota maji pale pale anapochota mjane wa mtu aliyemuua. Sheria inaweza kumzuia asiue tena. Haiwezi kumfundisha namna ya kumsalimia yule mama, wala haiwezi kumsaidia yule mama kuitikia. Hilo Kanisa lina maneno yake.

Na limefanya kazi. Katika kijiji cha Mbyo, wilaya ya Bugesera, manusura na watu waliotumikia vifungo kwa mauaji wanaishi nyumba kwa nyumba, katika mpango wa huduma ya Kikristo ya magerezani, Prison Fellowship Rwanda. Wako wanaodai kwamba kijiji hicho ni cha kuonyesha wageni. Mimi siwezi kumkejeli mjane anayelima pamoja na mtu aliyewaua jamaa zake. Kijiji kimoja, hata hivyo, si nchi nzima.

Upande wa pili unauliza swali ambalo wahubiri wengi hulikwepa: Kanisa lina haki gani ya kumwambia manusura asamehe? Wakati wa mauaji, karibu watu tisa kati ya kila kumi nchini walikuwa Wakristo. Waliouawa Ntarama, Nyamata na Nyarubuye walifia makanisani. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Wala si Wakatoliki peke yao: mchungaji Msabato Elizaphan Ntakirutimana, aliyekuwa kiongozi wa kanisa huko Mugonero, alihukumiwa Arusha mwaka 2003 kwa kusaidia mauaji ya kimbari.

Tena lugha ya upendo ilikwisha kutumiwa vibaya zamani. Februari 1959, Askofu André Perraudin wa Kabgayi alitoa barua ya Kwaresima iliyosisitiza upendo wa Kikristo, na ndani yake akaandika kwamba tofauti za kijamii nchini Rwanda zimeshikamana kwa kiasi kikubwa na tofauti za mbari. Wanaomtetea wanasema alikuwa akiwasemea Wahutu walionyimwa elimu na madaraka, na dhuluma hiyo ilikuwepo kweli. Lakini kuitaja dhuluma kwa jina la mbari ni kumfanya kila Mtutsi, hata mchunga ng'ombe asiye na kitu, kuwa mdhalimu. Novemba mwaka huo nyumba za Watutsi zilichomwa moto na maelfu wakakimbilia nchi jirani, Tanganyika ikiwa mojawapo. Barua haikushika kiberiti. Hata hivyo, ilionyesha kwamba mtu anaweza kuhubiri upendo na mgawanyiko katika ukurasa mmoja bila kuona mgongano wowote.

Hapa mimi naegemea upande wa pili, ingawa siufuati mpaka mwisho wake. Nakubali kwamba manusura hadaiwi msamaha na mtu yeyote, sembuse na taasisi ambayo watumishi wake walikuwa miongoni mwa wauaji. Sikubali kwamba kwa sababu hiyo Kanisa linyamaze. Kosa la makanisa mengi lilikuwa kuanza na mtu asiyestahili kuanza. Mahubiri yalimlenga aliyepoteza watoto, yakamwambia afungue moyo, huku aliyewaua akiketi benchi la nyuma akisubiri kusamehewa. Yesu aliupanga mzigo kwa namna nyingine: ukiwa madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, "upatane kwanza na ndugu yako". Anayetakiwa kuinuka na kutembea ni yule aliyekosa.

Parokia ya Mushaka, kusini magharibi mwa Rwanda, ilijaribu kuufuata utaratibu huo. Padre Ubald Rugirangoga, Mtutsi aliyepoteza mama yake na ndugu wengi, hakuwarudisha wauaji mezani pa Bwana kwa sababu tu wametoka gerezani. Walipitia mafundisho ya miezi kadhaa, wakatakiwa kwenda kwa familia walizozitendea uovu na kuomba radhi, ndipo wakapokelewa hadharani kanisani. Manusura nao walikuwa na mafundisho yao, mbali na yale ya wauaji. Padre huyo, aliyefariki Januari 2021, alimsamehe pia mtu aliyehusika na kifo cha mama yake na akawasaidia watoto wa mtu huyo kusoma. Aliyeomba wengine watubu alikuwa mwenyewe amejeruhiwa, ndiyo maana maneno yake yalisikika.

Wakuu wa Kanisa walikawia zaidi. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa makosa ya waumini wake waliotenda kinyume cha Injili. Kwa teolojia, hoja hiyo inaeleweka, kwani Kanisa ni takatifu na watoto wake ni wakosefu. Kwa mtu aliyenusurika Nyamata ilisikika kama mlango unaofungwa. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa niaba ya Wakristo walioshiriki mauaji, na serikali ikasema haitoshi. Machi 2017 Papa Fransisko, akimpokea Rais Kagame Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na wanakanisa. Neno "Kanisa" likatajwa. Ilichukua miaka 23.

Lipo jambo gumu zaidi, na wengi wanaopigania ukweli hulinyamazia. Wahutu nao wana wafu wao, waliouawa na askari wa RPF, waasi waliotwaa madaraka nchini mwaka 1994, katika mwaka huo na baadaye. Maaskofu watatu, Nsengiyumva akiwa mmojawapo, waliuawa Gakurazo mwezi Juni 1994 na askari wa jeshi hilo. Hili halilingani na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na anayejaribu kuyaweka kwenye mizani moja anapotosha historia. Lakini mjane wa Kihutu asiyeweza kumlilia mumewe hadharani anaambiwaje kwamba sote tu mmoja? Kizito Mihigo, mwimbaji Mkatoliki na manusura wa Kitutsi aliyeanzisha taasisi ya upatanisho, aliimba mwaka 2014 akiwaombea pia waliokufa kwa visasi. Muda mfupi baadaye alikamatwa, akafungwa, akasamehewa mwaka 2018, na Februari 2020 akafia mahabusu ya polisi Kigali. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yakadai uchunguzi huru. Kama Kanisa linaamini kweli katika umoja, sauti ya namna ile ilistahili kulindwa na kila askofu.

Mwezi Desemba 1996, huko Detmold Ujerumani, Wakristo Wahutu, Watutsi na Wazungu walikutana, na kila kundi likaungama makosa ya watu wake mbele ya wenzao. Wahutu wengi uhamishoni waliwalaumu wenzao kwa kuungama kwa niaba ya kabila zima, kana kwamba hatia hurithiwa. Lawama hiyo ina uzito, maana hatia ni ya mtu. Ila aibu na wajibu vinaweza kubebwa na wengi, na sioni umoja ukikua mahali ambapo kila mmoja anakariri dhambi za upande wa pili tu.

Eneo hili tayari lina mapokeo yake ya toba. Uamsho ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafundisha walokole kuungama hadharani na kurudisha walichoiba. Zakayo alipookoka hakuishia kwenye machozi. Alisema atarudisha mara nne. Maisha ya watu hayarudishwi, lakini mashamba hurudishwa, na ukweli pia.

Aprili 2018, huko Rusororo jijini Kigali, makaburi ya halaiki yalifukuliwa na miili kwa maelfu ikatolewa. Kwa miaka 24 walikuwepo majirani waliojua na hawakusema. Padre hawezi kuivunja siri ya kitubio, ila anaweza kumwambia anayetubu kwamba malipizi yake ni kwenda kulionyesha shimo. Mchungaji asiye na kiti cha maungamo ana nafasi kubwa zaidi: anaweza kulisema hilo mimbarani Jumapili ijayo, kabla hajamwomba mjane yeyote asamehe.