Kwa nini Regan hakosei mtu

Katika kipindi cha kwanza cha The Sweeney, kilichorushwa na televisheni ya ITV ya Uingereza Januari 1975, Inspekta Jack Regan anamwambia kijana mmoja kwamba yeye na wenzake hawajala, wamechoka kumngoja, na asiposema picha wanazozitafuta ziko wapi atakula mateke. Wakili hayupo, wala hati yoyote haijasainiwa. Ukiitazama leo unacheka, halafu unajiuliza umecheka nini.

Tamthilia hii ya makachero wa Flying Squad, kikosi cha polisi wa London cha kupambana na ujambazi wa kutumia silaha, ilimalizika Desemba 1978 baada ya vipindi 53. Kila wanapoizukia watazamaji wapya, ubishi huwa ule ule: je, ilimwonyesha polisi wa Uingereza alivyo, au ilimfundisha raia kumpenda polisi anayevunja sheria?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kabla yake, sura ya polisi kwenye televisheni ya Uingereza ilikuwa Dixon of Dock Green ya BBC, mzee mpole anayewasalimu watazamaji na kuwapa wosia mdogo. Ilianza 1955, na ilipofungwa 1976 mwigizaji wake, Jack Warner, alikuwa na miaka 80. Kwa zaidi ya mwaka mmoja polisi hao wawili walikuwa hewani pamoja, kila mmoja na chaneli yake, na ni vigumu kuamini kwamba wote ni wa mji mmoja.

Kampuni ya Euston Films, iliyoitengeneza The Sweeney, ilitoka studio ikaingia barabarani na kamera ndogo za filamu ya milimita 16. Makao yao yalikuwa jengo la shule ya zamani huko Hammersmith, na mitaa ya magharibi mwa London ikawa ndiyo jukwaa: maghala matupu kando ya mto Thames, yadi za vyuma chakavu, baa zenye moshi, magari ya Ford yakikata kona kwenye lami yenye maji. Leo hii, kwa macho yangu, hiyo ndiyo starehe yake kubwa. London ile imebomolewa na kujengwa upya kwa vioo, lakini humu bado ipo, na matope yake.

Halafu kuna John Thaw. Alikuwa na miaka 30 na kidogo tu, ila ukimtazama usoni ungemkadiria 50. Regan wake ametalikiwa, anakunywa, anagombana na bosi wake Haskins kuhusu makaratasi, na mara nyingi anashindwa. Jambazi anaponyoka, au wakubwa wanaizima kesi. Hata muziki wa Harry South unaofungua kila kipindi kwa kishindo hurudi mwishoni taratibu, kama mtu anayepanda ngazi baada ya zamu ya usiku.

Watetezi huongeza kwamba tamthilia haikuwasafisha polisi, na ukweli wa nje uliwapa haki. Mwaka 1977 Kamanda Kenneth Drury, aliyewahi kuongoza Flying Squad yenyewe, alifungwa miaka minane kwa rushwa. Alikuwa amekwenda likizo Cyprus na mfanyabiashara wa ponografia. Kipindi cha mwisho kinaligusa jambo hilo: Regan anashukiwa kula rushwa, anawekwa ndani, na anapoonekana hana hatia anawatolea wakubwa uvivu na kuacha kazi.

Upande wa pili huanza na yaliyo wazi. Wanawake humu wengi wao ni wapenzi wa kitandani au wake wanaolalamika, na maneno ya kibaguzi yanatupwa bila mtu kushtuka. Hilo halina mjadala mrefu.

Shutuma inayoniuma zaidi ni nyingine, na iko kwenye namna hadithi inavyosukwa. Mara nyingi mtazamaji hutangulia kuonyeshwa majambazi wakipanga tukio, anawajua kwa sura, kabla Regan hajawafikia. Kwa hiyo Regan anapomkaba mtu shingo, sisi tunajua kwamba amemkaba anayestahili. Kipondo chake karibu kila mara humwangukia mwenye hatia. Mwandishi amekwisha kumpa hati ya upekuzi ambayo hakimu hakuitoa.

Mwaka huo huo wa 1975, mahakama za Uingereza ziliwafunga maisha watu sita kwa mabomu ya Birmingham na wanne kwa yale ya Guildford. Walisema maungamo yao yalitolewa kwa kipigo na vitisho. Wale wanne walitoka 1989, wale sita 1991, hukumu zao zilipofutwa. Hapo hapakuwa na mtazamaji aliyetangulia kuona nani alitega bomu.

Kwa hiyo kwenye hoja hii nawapa ushindi washtaki, ingawa bado naitazama na bado nacheka. Kisingizio cha kwamba "zama zile ndivyo ilivyokuwa" hakitoshi, kwa sababu zama zile zile kuna aliyeandika tofauti. Mwaka 1978 BBC ilionyesha Law & Order, filamu nne za G. F. Newman. Kachero wake, Fred Pyle, ana baa zile zile na watoa habari wale wale wa Regan, ila yeye anambambikia Jack Lynn kesi ya ujambazi ambao Lynn hakuufanya. Lynn ni jambazi kweli, ndiyo maana inauma: unajikuta unataka afungwe, na papo hapo unajua anaonewa. Filamu hizo ziliwaudhi polisi na askari magereza, zikakaa kabatini miaka mingi, wakati The Sweeney ilikuwa inarudiwa hewani na hata kuzaa filamu mbili za sinema. Anayemgundua Regan sasa, amtafute na Pyle, awatazame wote wawili wiki moja.