SP kwa wajawazito: imechoka, lakini tusiitupe

Tanzania iliiondoa SP (mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini) kwenye matibabu ya malaria mwaka 2006, baada ya vimelea kuizoea, ikaingia dawa mseto. Kliniki ya wajawazito haikuiacha, huko inatumika kama kinga. Mama bado anapewa vidonge vitatu kwa mkupuo, anavimeza mbele ya muuguzi, kuanzia miezi mitatu ya mwanzo ikishapita na kila hudhurio, mradi mwezi mmoja umepita. Sasa watu wanauliza, na wana haki: dawa iliyoshindwa kumponya mgonjwa inamkingaje mjamzito?

Wanaotaka ibadilishwe hawabahatishi. Vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma, mama akaonekana mzima kabisa huku damu inapungua na mtoto anadumaa tumboni. Mimba ya kwanza ndiyo hatari zaidi. Mkoani Tanga usugu wa vimelea dhidi ya SP ni mkubwa, na utafiti wa Muheza uliochapishwa mwaka 2009 uliwashtua wengi: waliomeza SP walikutwa na vimelea sugu zaidi, tena vingi, kwenye kondo. Matokeo hayo hayakujirudia kila mahali, ila huwezi kuyapuuza.

Mbadala uliotarajiwa ni DP, mseto wa dihaidroatemisinini na piperakwini. Ulipimwa Kenya, Malawi na Tanzania kwa wajawazito zaidi ya 4,600, kwenye maeneo yenye usugu mkubwa wa SP. Matokeo yalitoka mwaka 2023. DP ilipunguza malaria kuliko SP, kama ilivyotegemewa. Lakini walipohesabu mimba zilizoharibika, watoto waliofariki, njiti na waliozaliwa wadogo, matatizo hayo yaliwapata asilimia 27.9 ya waliotumia DP na asilimia 23.3 ya waliotumia SP. Yaani dawa iliyoshindwa na malaria ndiyo iliyozaa watoto wenye hali nzuri zaidi! Wataalamu wanadhani SP, kwa kuwa ina salfa, inapunguza pia maambukizi ya bakteria na kumwongezea mama uzito.

Kwa hiyo naona kuibadilisha nchi nzima kwa mkupuo ni haraka isiyo na sababu. DP nayo humezwa siku tatu mfululizo, na siku mbili kati ya hizo mama yuko nyumbani peke yake. SP yenyewe, ya mara moja, hukwama kwa sababu ndogo ndogo: dawa imeisha, au ipo lakini hakuna maji ya kunywa wala kikombe, mama katoka nyumbani na njaa anaogopa kutapika, anaomba akamezee kwake. Na wengi huanza kliniki mimba ikiwa kubwa, angalau dozi tatu zinazotakiwa hazitimii.

Miezi mitatu ya kwanza SP hairuhusiwi kabisa. Hapo tegemeo ni chandarua, na aina yake ina maana: utafiti wa Misungwi, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa klofenapiri, dawa nyingine ya kuua mbu, viliwakinga watoto vizuri kuliko vile vya dawa ya zamani peke yake.

Mahali pa kuanzia DP, kwa maoni yangu, ni kwa wajawazito wanaoishi na VVU. Hao humeza Septrin, dawa ya kuzuia maambukizi, kila siku, na haichanganywi na SP kwa sababu zote mbili zina salfa. Majaribio ya Kenya na Malawi yameonyesha kuwa DP ya kila mwezi, ikiongezwa juu ya Septrin, inawapunguzia malaria.